Mbaruku Anazima Gari

Hapana, gari lilikuwa zima, betri tu ndiyo ilikuwa imekufa. Ndiyo maana Mbaruku, likishasukumwa asubuhi likawaka, alikuwa halizimi mpaka usiku. Akirudi kula mchana analiacha linanguruma mlangoni, anakula kasimama, tonge mkononi, jicho kwenye gari. Miaka mitatu hiyo, mpaka mkewe, Bi Mgeni, kachoka kusema.

Basi siku hiyo kapakia matenga ya nyanya za kupeleka sokoni, kapita nyumbani kula, gari linanguruma mlangoni, akaja askari na saa yake. Si unaijua ile sheria mpya? Gari likisimama linanguruma zaidi ya dakika tano, faini. Ukitii mwaka mzima, wanakupunguzia ada ya leseni.

"Mzee, dakika ya sita hii."

"Mwanangu, nikilizima haliwaki tena. Hizi nyanya utazibeba wewe kichwani?"

"Sheria haikutaja nyanya."

"Na hiyo serikali yako, badala ya kunipunguzia ada, si inipe betri?"

Askari akafungua kitabu cha faini. Mbaruku akamtazama weee, akaingiza mkono dirishani, akageuza ufunguo. Gari likakohoa, likanyamaza. Kukawa kimya, hata chungu cha jirani kikasikika kinatokota.

"Haya. Sasa zitaoza," akasema.

Bi Mgeni akatoka ndani. Akatandika mkeka, akaweka sinia la ugali na dagaa, akaleta maji ya kunawa.

"Na wewe afande, njoo. Mkishiba mtasukuma."

Askari akavua kofia, akakaa. Mbaruku akabaki kasimama kidogo, kama mtu aliyesahau magoti yanakunjwaje, kisha naye akakaa, karibu na mkewe.