Sisimizi wa Kopo la Sukari

Sheria ilikuwa wazi: kiumbe yeyote asiyeweza kutofautishwa na nduguze, nyumba ilimpulizia dawa kabla ya chakula cha mchana. Ndiyo maana Bi Kurwa alikuwa amepiga magoti jikoni, lenzi jichoni, makalio juu, akimtetea sisimizi mgeni wa kopo la sukari.

"Jamaa zake wana kifundo kimoja kiunoni," aliiambia nyumba. "Huyu ana viwili! Mgongoni ana nywele za dhahabu. Na akikutana na mwenzake, husimama akampisha. Mheshimiwa mtupu!"

"Ana adabu kukushinda wewe," alisema pacha wake, Doto, akimenya ndizi.

Nyumba ikatafakari. "Kweli, ni wa peke yake. Abaki."

Bi Kurwa akapiga kigelegele. Sisimizi, kwa heshima zote, akarudi kwenye sukari.

"Asante kwa kunifundisha kutazama," nyumba ikaendelea kwa upole. "Na nyinyi wawili, mna tofauti gani?"

Pacha wakatazamana: mwanya uleule, kidoti kilekile shavuni.

"Yeye hukoroma," Doto akawahi.

"Nyote hukoroma," ikajibu nyumba, na madirisha yakaanza kujifunga.