Mpishi wa Makumbusho

Mwaka wa 1957, nyumba kuukuu ya mzungu kule Dundori ilipogeuzwa makumbusho, jiko lake la nje lilizungushiwa kamba. Dalmas, aliyepika humo tangu ujanani, sasa kazi yake ikawa kuwatembeza wageni.

"Mpishi alikuwa akiketi wapi?" mgeni mmoja akauliza.

Dalmas alikitazama kigoda chake kando ya mafiga baridi, kimelika katikati kwa kukaliwa. Akainua kamba, akaingia, akaketi.

"Dalmas, vitu haviguswi," alisema memsabu, mjane wa yule mzungu, aliyesimama nyuma ya wageni. "Tunavihifadhi."

"Najua, memsabu." Akaanza kupanga kuni mafigani, polepole. "Lakini hawa wageni hawanywi chai?"

Memsabu akatoa kibiriti mfukoni, akamnyooshea.