Kocha Wanayemtaka

Faili la bluu halikuwepo rafuni. Dwight Haskell, kocha msaidizi, alipapasa pengo lililobaki, kisha akainama kuchungulia chini ya meza, ingawa alijua fika halikuwa huko. Ndani ya faili lile kulikuwa na michoro yake yote ya ulinzi, kazi ya miaka kumi na tisa, mingine ameichora kwenye karatasi za kufutia mikono za mgahawani.

"Kocha," aliita kutoka mlangoni, na vichwa vinne vikageuka. Katika jengo lile la Chuo cha Marbury, katikati ya mahindi ya Indiana, kila anayefundisha mpira wa kikapu huitwa Kocha, mkubwa kwa mdogo. Jina alilopewa na mama yake hulisikia kanisani tu.

Aliyeitika ni Russ Tolliver, kocha mkuu. "Faili lako ninalo mimi, Kocha. Nimeliazima siku mbili tatu."

"La nini?"

"We acha tu. Hivi, mkeo Marlene anaiweza baridi ya ziwani?"

Hakungoja jibu. Alifunga mlango, na mara akasikika akizungumza kwenye simu.

Mlango ule ulikuwa ukifungwa mno siku hizi, na sababu ilijulikana. Lorraine, katibu muhtasi, ambaye siri kwake hailali, alishamnong'oneza Dwight kwamba timu ya kulipwa ya mji wa ziwani imepiga simu mara sita. "Wanamtaka Kocha," alisema, "na safari hii hawatanii." Kufikia jioni kinyozi alikuwa na habari, mchungaji naye alikuwa nayo, na mgahawani Tolliver aliletewa pai ya tufaha ambayo hakuiagiza. Dwight, aliyekaa naye meza moja, aliletewa uma wa ziada.

Roho ilimuuma, na hakujidanganya kuwa ni kitu kingine. Ulikuwa wivu, tena wa miaka mingi. Marbury ilikuwa imetwaa ubingwa mara tatu, na kila mara ngazi iliwekwa chini ya kikapu, wachezaji wakapanda mmoja mmoja kukata uzi wa wavu kwa mkasi, na kipande cha mwisho kikaachiwa kocha mkuu, ndiye anayeuvaa wavu shingoni na kupigwa picha. Aliyeishika ngazi ni Dwight. Katika picha zote tatu anaonekana vidole tu.

Na ulinzi uliowapa ubingwa ulikuwa wake. Hilo ndilo donge lililomkaa kooni. Yeye naye alitaka mara moja tu katika maisha yake aitwe mahali kwa kazi yake mwenyewe. Mara mbili vyuo vingine vilimwahidi ukocha mkuu, na mara mbili Marlene alifunga sahani kwenye magazeti tayari kuhama, kisha ahadi ikavunjika, akazifungua. Sasa Tolliver angepaa na jasho lake, aje kocha mkuu mpya na watu wake, na Dwight, na mvi zake, atafute pa kujishikiza.

Alhamisi alimkuta Lorraine akifunga kifurushi cha posta. Anwani ilikuwa ya timu ya ziwani. Pembeni, karatasi ilikuwa imechanika kidogo, na rangi ya bluu ikachungulia.

"Kocha kasema liende leo leo," Lorraine alisema.

Dwight alitoka bila kofia, na upepo wa Machi ukimkata masikio, akaenda moja kwa moja hadi maktaba ya mji, akakaa kwenye mashine ya kuchapia. Maneno hayakumpa shida. Aliandika kwamba kocha wanayemtaka kutoka Marbury siye mtu wanayemdhani. Ulinzi waliotumiwa hakuubuni yeye, ameuiba kwa mwenzake wa ofisi ya jirani. Wakimuuliza atakana, ndivyo alivyo. Jina hakuliandika, kwa kuwa hakuna aliyehitaji kuambiwa Kocha ni nani. Sahihi pia hakutia. Usiku ule alikula vizuri, akaongeza viazi.

Siku kumi baadaye Tolliver alimwita ofisini, na kwa mara ya kwanza mlango ukafungwa Dwight akiwa ndani. Sura ya mkubwa wake ilikuwa imeshuka. Dwight aliona raha ikimtambaa kifuani, akajikaza isifike usoni.

"Wamekataa?" aliuliza kwa upole.

"Wamekataa."

"Pole sana, Kocha."

Tolliver alimtazama kama asiyesikia vizuri. "Unanipa pole mimi?" Alifungua droo, akatoa faili la bluu, akalisukuma juu ya meza. "Mimi niliwaambia tangu simu ya kwanza kwamba siendi kokote. Nikawaambia mtu wa kumchukua yuko chumba cha pili. Wakaomba waone kazi yako, wakaiona, wakaniambia hawajapata kuona kitu kama hiki. Jumatatu walikuwa wakupigie. Sikutaka kukwambia mapema, Marlene asije akaanza tena kufunga sahani."

Dwight alinyoosha mkono kulichukua faili.

"Halafu wakapata hii." Tolliver aliweka karatasi moja juu ya faili, imechapwa kwa mashine, haina sahihi. "Nimewaapia ni uongo mtupu. Wanasema nakutetea kwa sababu ya urafiki."

Akainama mbele, akashusha sauti ili wa nje wasisikie.

"Hebu fikiria vizuri, Kocha. Nani humu ndani anakuonea wivu kiasi hiki?"