Kilo za Chura

Jamani, leo nimezungumza mbele ya Chama cha Wachunguzi wa Vyura nikiwa na kanga kiunoni, sebuleni kwangu Tukuyu! Siku hizi hakuna anayepanda ndege kwenda mkutanoni. Kila mtu hushiriki akiwa kwake, hewa isichafuke. Wala hakuna anayevunjwa moyo. Sote tunavaa kidude sikioni, na neno lolote la kuudhi hugeuzwa kuwa la heshima kabla halijatufikia.

Kwenye skrini nilimwona Profesa Nyamwaya, yule aliyewahi kuniliza mbele ya ukumbi mzima. Nilipomaliza, akasogea mbele.

"Daktari Tumpale, umetufumbua macho."

Makofi ya watu mia mbili yakavuma sikioni. Nikaruka hadi mito ya kochi ikaanguka!

Mume wangu, Ambakisye, akatoka jikoni na mwiko mkononi. Akalitazama jedwali langu, lililokuwa bado kwenye skrini kando ya nyuso za wanachama, akaligusa kwa mwiko.

"Hongera sana, mama Sekela," nikamsikia akisema.

Lakini midomo yake iliendelea kucheza muda mrefu baada ya maneno hayo kwisha. Nikaifuata ncha ya mwiko. Uzito wa chura mmoja, nilikuwa nimeandika, ni kilo arobaini.

Nikapeleka mkono sikioni nikivue kile kidude. Kwenye skrini, midomo ya wote mia mbili ilikuwa ikicheza, na mimi nilisikia makofi tu.

Nikaushusha mkono.