Kizimba cha Pili

Papa alipita kwenye skrini ya kizimba cha pili, akapotea, kisha akapita tena upande ule ule, bila haraka.

Mzee aliyekuwa mbele ya skrini aliachia kikombe, chai ikamwagika mezani. Papa yule hakupungua mita tatu. Na kwenye sakafu ya kizimba hicho cha pili, mita ishirini na tano chini ya maji, mahali ambapo kamera haifiki, binti yake alikuwa akiokota samaki waliokufa.

Wenzake pale kwenye tishari la kulishia samaki wa kufugwa walimwita Nahodha wa Kiti. Alizamia miaka ishirini na miwili, hadi ngoma ya sikio ilipopasuka na daktari akampiga marufuku kugusa maji. Tangu hapo kazi yake ikawa kutazama skrini mbili, moja kwa kila kizimba, na kupunguza chakula samaki wakishiba. Aliwajua tangu walipoletwa vifaranga wa ukubwa wa kidole. Kesho meli ya wanunuzi ingekuja kuwachukua, ndiyo maana asubuhi hiyo fundi alizichomoa kamera zote mbili, akazisugua mwani, akazirudisha majini. Meneja alitaka wanunuzi waone kila gamba. Picha ilikuwa safi kweli. Mzee aliona hata meno.

Alibonyeza redio.

"Mwanangu, uko wapi?"

"Cha pili, baba. Chini kabisa. Nakaribia kumaliza."

"Unaona nini?"

"Samaki wako hawa, wamenenepa kama mameneja." Alicheka ndani ya barakoa. "Huku shwari."

Shwari. Neno hilo lilimnyima mzee usingizi tangu binti aanze kazi. Alisema shwari siku kamba ilipomzonga mguu. Alisema shwari mwaka jana, na kumbe ana jeraha la kushonwa nyuzi kumi na moja pajani. Angelala kitanda kimoja na chui akamwambia baba yake shwari, mradi presha ya mzee isipande.

Kwenye skrini ya pili samaki walikuwa wamejibana upande mmoja, wengi hata wameuziba mlango wa wavu. Papa akawapitia katikati.

"Nisikilize vizuri," alisema, akiikaza sauti isimsaliti. "Kuna papa humo ulimo. Ametoboa wavu."

Mapovu yalivuma redioni.

"Baba, mbona samaki wametulia? Wanazunguka tu polepole."

"Mimi namwona. Yuko juu yako."

"Basi napanda."

"Usipande, utapita mbele ya mdomo wake." Mawazo yalimkimbia, akang'ang'ania moja. Milango ya vizimba viwili ilitazamana, mwendo wa mapigo manne ya miguu. Alitupia jicho skrini ya kwanza: maji matulivu, samaki wakijizungukia. "Toka mlangoni, ingia kizimba cha kwanza. Nakiona, kiko salama. Ukishaingia funga mlango nyuma yako, ubaki humo humo. Naita boti."

"Lakini baba, huku hakuna..."

"Aliye chini anafanya nini?"

Somo hilo alimfundisha yeye mwenyewe, siku ya kwanza alipomvalisha mtungi wa hewa: chini ya maji mtu haoni zaidi ya pua yake, macho yake ni yule aliye juu.

"Aliye chini habishi," binti alisema. Kicheko kilikuwa kimemwisha. Naye sasa aliogopa, na woga wa mwanawe ulimchoma mzee kuliko woga wake mwenyewe.

"Haya. Nenda, mama. Taratibu."

Aliita boti kwa redio nyingine, macho hayabanduki kwa papa. Yule mnyama akielekea mlangoni, moyo ulimruka, akigeuka, ulirudi. Leo ndiyo mwisho, aliapa. Akitoka salama hamruhusu tena mwanawe kuzamia. Kama ni kuuza mboga, watauza mboga.

"Nimetoka, baba."

Kwa lile rundo la samaki mlangoni, mzee hakumwona akitoka. Lakini papa alikuwa bado kwenye skrini ya pili, akizunguka pale pale, na hilo lilitosha. Alishusha pumzi kwa mara ya kwanza tangu chai imwagike.

"Nimefika mlango wa kizimba cha kwanza. Naufungua."

"Ingia. Ingia haraka."

"Nimeingia."

Mzee alihamishia macho skrini ya kwanza ili amwone. Samaki walijizungukia. Mlango wa wavu ulikuwa wazi, ukipepea kwa mkondo wa maji, na pale mlangoni hapakuwa na mtu.

"Sikuoni," alisema. "Sogea kwenye kamera."

"Niko mbele yake kabisa, baba. Nakupungia."

Kwenye skrini ya pili samaki waligawanyika, na katikati yao mkono wenye glavu ya njano ukapunga mara mbili. Ndipo mzee alipomkumbuka fundi na kamera mbili alizozirudisha majini asubuhi. Kisha binti akaipa kamera mgongo, akaufunga mlango vizuri, kama alivyoambiwa.