Kibao cha Fundi Sudi

Mwanamke mgeni alisimama mlangoni mwa karakana akiwa na fomu mkononi.

"Wewe ndiye baba yake Raya? Natoka chuoni. Fomu yake haina sahihi ya mzazi, na mwisho ni leo."

Fundi Sudi alikuwa akipaka kibao kipya cha karakana. Alikuwa ameshaandika "Fundi Sudi na", limebaki neno "Binti". Aliweka brashi chini, akasoma. Uchimbaji wa visima, miaka minne, mji wa mbali.

"Hukuniambia," alimwambia Raya, aliyekuwa akipiga randa mlango.

"Uliahidi utatia sahihi popote nitakapochagua, baba. Nilipoona kibao nikashindwa kukuletea."

Mzee alichomoa penseli sikioni.

"Peni, mzee," mgeni alimwambia. "Hapa hatupimi mbao."

Raya alicheka huku machozi yakimtoka. Baba yake alitia sahihi, na kidole chake kikaacha alama ya rangi ya buluu kando ya jina.

"Ahsante, baba," Raya alisema, akaushika ule mkono wenye rangi.

Jioni kibao kilitundikwa. Kiliandikwa "Fundi Sudi na", na mbele yake palikuwa na nafasi ya neno moja.