Soli ya Katambuga

Uchungu wa kujifungua ulinishika siku ya gulio, bodaboda zote za Heru Juu zikiwa zimeshuka Kasulu. Mama mkwe akatoa baiskeli ya mumewe anipeleke zahanati. Hakuwa ameendesha tangu aolewe. Mzee alimwambia si heshima kwa mke wa mtu.

"Panda nyuma, mwanangu. Nishike kiuno."

Katikati ya mteremko waya wa breki ukakatika. Nikapiga yowe. Yeye akanyanyua mguu, akakandamiza soli ya katambuga, ndara yake ya tairi la gari, kwenye gurudumu la mbele, kama wafanyavyo wabeba ndizi. Mpira ukanuka moto. Mwendo ukapungua.

Mara tukamwona mzee akipandisha kwa miguu kutoka gulioni. Akasimama katikati ya njia, mdomo wazi.

"Pisha, Baba Athanase!" mkewe akapaza sauti.

Akaruka mtaroni. Nilipogeuka, alikuwa amevua kofia.